Sayyid aliyekataza mirungi, mirungi ikabaki

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, tulibaki msikitini sisi wajumbe wa kamati ya madrasa moja hapa Mbezi Beach. Katikati yetu kulikuwa na leso, na ndani ya leso vitu vitatu vidogo ambavyo asiyejua angedhani ni kalamu za kuandikia. Zilikuwa sigara za umeme, hizi ambazo vijana wanaziita vepu. Zilikutwa kwenye mikoba ya wanafunzi wetu watatu. Mkubwa wao ana miaka 15. Moja ilikuwa bado inanukia embe.

Hoja iliyoletwa ilikuwa fupi. Watoto wafukuzwe madrasa, majina yao yatangazwe Ijumaa, na kamati iandike barua kuitaka Serikali ipige marufuku kitu hiki nchi nzima, leo kabla ya kesho. Wajumbe karibu wote waliafiki. Mimi niliomba tupeane wiki moja. Mwenyekiti akaniuliza nina hoja gani. Nikamwambia sina hoja, nina kisa cha mtu. Saa zilikuwa zimekwenda, watu wakainuka. Basi ndugu msomaji, kisa ambacho sikupata nafasi ya kukisimulia pale ndicho hiki.

Mtu mwenyewe ni Sayyid Muhammad Abdille Hassan, Msomali, mwanachuoni, mshairi na mpiganaji, ambaye Waingereza walimwita Mullah mwendawazimu kwa sababu aliwasumbua miaka 20. Wengi wetu tunamfahamu kwa jihadi yake dhidi ya wakoloni. Wachache wanajua kwamba kabla hajashika bunduki, vita vyake vya kwanza vilikuwa dhidi ya mirungi na tumbaku.

Kutoka malishoni hadi Makka

Wengi wanakubali kwamba alizaliwa mwaka 1856, ingawa wapo wanaosema ni 1864, katika nchi ya wafugaji wa ngamia kaskazini mwa Somalia. Baba yake alikuwa wa kabila la Ogaden na mama yake Dhulbahante. Babu yake alikuwa sheikh, na ndani ya nyumba hiyo mtoto alikulia na ubao na wino. Aliihifadhi Qur'an akiwa bado mdogo, akaanza kuwafundisha wenzake, kisha akatoka kutafuta elimu. Alisafiri hadi Harar na Mogadishu, mahali ambapo wakati ule mwanafunzi Msomali aliweza kukaa miguuni pa masheikh wakubwa.

Katika miaka ya 1890 alikwenda kuhiji. Huko Makka alikutana na Sheikh Muhammad Salih, mwasisi wa tarika ya Salihiyya, akawa mwanafunzi wake na kupewa idhini ya kuifikisha tarika hiyo kwa Wasomali. Salihiyya ilikuwa tarika yenye msimamo mkali katika mwenendo. Iliwataka wafuasi wake waache starehe na kila kinachomtawala mtu badala ya yeye kukitawala.

Mwaka 1895 alishuka katika bandari ya Berbera. Waingereza walikuwa wameishika pwani ile tangu mwaka 1884, na sababu yao kubwa ilikuwa nyama. Kondoo na mbuzi wa Wasomali waliosafirishwa kutoka Berbera ndio waliolisha askari wao waliokuwa Aden, ng'ambo ya bahari. Mji ulikuwa na biashara na fedha. Mirungi iliyotoka nyanda za juu za Harar ilitafunwa kwenye mabaraza, na tumbaku ilivutwa bila haya.

Ndugu msomaji, si kwamba watu wa Berbera walikuwa makafiri. Wengi wao walikuwa wafuasi wa tarika ya Qadiriyya, watu wa zikri na maulidi. Baadhi yao waliitafuna mirungi ili wapate kukesha katika ibada. Kwao yale majani yalikuwa msaidizi wa kumtaja Allah, kama kahawa ilivyokuwa kwa masheikh wa Yemen kabla yao.

Tena suala hilo lilikuwa la zamani miongoni mwa wanachuoni. Katika karne ya 16 Imam Ibn Hajar al-Haytami, miongoni mwa wanachuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliandika risala nzima juu ya mirungi kwa sababu fatwa kutoka Yemen zilikuwa zinapingana. Huyu alisema inalevya, yule alisema haimdhuru mtu. Imam hakufikia kuikata kuwa ni haramu moja kwa moja. Aliwashauri watu wajiepushe nayo.

Kosa la Berbera

Sayyid Muhammad hakuwa mtu wa kushauri. Alisimama Berbera akatangaza kwamba mirungi haifai, tumbaku haifai, na israfu katika chakula na mavazi haifai. Akaunganisha mambo hayo na suala jingine zito zaidi, la kuwaomba mawalii waliokufa wawe njia ya kumfikia Allah, ambalo watu wa Qadiriyya walilishikilia sana. Kwa hiyo aliyekuwa anatafuna mirungi barazani akajikuta anaambiwa kwa siku moja kwamba kinywa chake kina kosa, sheikh wake ana kosa, na pengine Uislamu wake wenyewe una walakini.

Masheikh wa Qadiriyya walimwita kwenye mjadala, na miongoni mwao alikuwamo aliyewahi kuwa mwalimu wake. Mjadala haukuzaa maelewano. Waliomsikiliza Berbera wakawa wachache. Wafanyabiashara hawakumtaka kwa sababu aligusa mifuko yao, na masheikh hawakumtaka kwa sababu aligusa heshima yao. Kufikia mwaka 1897 aliondoka mjini na kurudi bara, kwa wajomba zake.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Katika lile la mirungi na tumbaku, mtu huyu aliona mbali. Leo hakuna daktari wala sheikh atakayesimama kuitetea tumbaku. Mirungi inajulikana namna inavyomkosesha mtu usingizi na hamu ya kula, inavyokula fedha ya nyumba, na namna baba anavyokaa kijiweni tangu adhuhuri hadi usiku akitafuna chakula cha wanawe. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuwafikisha watu kwenye haki hiyo ni jambo jingine.

Bara alipata alichokikosa mjini. Wafugaji walimpenda. Aliwapatanisha koo kwa koo, akahukumu kesi zao, na ushairi wake ulibebwa kwa midomo kutoka kisima hadi kisima. Alikuwa ameona pia jambo lililomchoma moyo: wamisionari wa Kifaransa pale Berbera walikuwa wanalea mayatima wa Kisomali katika Ukristo. Inasimuliwa kwamba alimuuliza mtoto mmoja ni wa ukoo gani, na mtoto akajitaja kuwa ni wa ukoo wa mapadri. Kwa Msomali, ambaye huhesabu mababu zake kama tunavyohesabu tasbihi, jibu hilo ni msiba.

Upanga

Mwaka 1899 alitangaza jihadi. Wafuasi wake wakaitwa Madarwishi. Waingereza walituma kampeni nne dhidi yake kati ya mwaka 1901 na 1904. Mwezi Aprili 1903, mahali paitwapo Gumburu, kikosi cha Luteni Kanali Plunkett kiliangamizwa karibu chote. Wengi wa askari waliokufa pale walikuwa wa King's African Rifles kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na miongoni mwao Wayao, ndugu wa watu wetu wa Tunduru na Masasi, waliokwenda kufia jangwani kwa ugomvi usiowahusu. Januari 1904, huko Jidbali, Madarwishi nao walichinjwa kwa wingi. Mwaka 1905 ukafanywa mkataba na Wataliano, kukawa na utulivu wa muda.

Lakini upanga uliochomolewa dhidi ya mkoloni haukuishia kwa mkoloni. Tangu mwanzo Madarwishi waliwashambulia pia Wasomali wenzao, hasa koo zilizokuwa upande wa Waingereza na wafuasi wa Qadiriyya. Ule ubishi wa barazani Berbera, ambao pengine ungemalizwa kwa miaka ya kufundishana, sasa ukawa unaamuliwa kwa risasi.

Mwaka 1909 yalitokea mambo mawili. La kwanza, ilifika barua kutoka Makka kwa Sheikh Muhammad Salih, yule yule aliyempa idhini. Sheikh alimlaumu mwanafunzi wake kwa kumwaga damu na kupora mali za Waislamu, na kumtahadharisha kwamba akiendelea atajitenga naye. Barua hiyo iliwagawa Madarwishi, na wengi wakaondoka kambini.

La pili linatugusa sisi wa pwani hii moja kwa moja. Mwezi Aprili mwaka huo, katika kijiji cha Biyoley kusini mwa Somalia, Madarwishi walimuua Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa. Huyu ni sheikh aliyesoma Baghdad, aliyefika Unguja na kuheshimiwa na masultani, na ambaye kwa mikono ya makhalifa wake Qadiriyya ilienea Unguja, Bagamoyo, Tabora na kwingineko. Anayetoka Mbezi Beach akaifuata barabara hii kuelekea kaskazini atafika Bagamoyo, na huko atazikuta zikri za tarika hiyo mpaka leo. Sheikh Uways alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60 alipouawa. Tofauti iliyoanzia kwenye tawasuli na kishada cha majani ilifika huko.

Mwisho wake

Sayyid aliendelea. Agosti 1913 Madarwishi walimuua Richard Corfield, kamanda wa kikosi cha ngamia cha Waingereza, huko Dul Madoba. Wajenzi kutoka Yemen wakamjengea ngome za mawe Taleh, na kwa miaka kadhaa alitawala kutoka humo. Januari 1920 Waingereza walileta silaha ambayo hakuwahi kuiona: ndege 12. Mabomu yaliangushwa kambini na kwenye ngome zake, huku jeshi la nchi kavu likimfuata nyuma. Alitoroka akakimbilia Ogaden na watu wachache. Mwezi Desemba mwaka huo huo, huko Imi ndani ya Ethiopia, maradhi yakamchukua. Wengi wanasema ni homa ya mafua, ile iliyoua mamilioni duniani baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wasomali wanamheshimu hadi leo kama baba wa utaifa wao na mmoja wa washairi wao wakubwa kabisa, na wanastahili kumheshimu. Mimi simsemi vibaya marehemu. Nauliza swali moja tu: mirungi je?

Mirungi ilibaki. Mwaka 1921, mwaka mmoja baada ya kumshinda, Waingereza wale wale walitunga sheria ya kuibana mirungi Somaliland. Haikusaidia. Mwaka 1957 waliipiga marufuku Aden, na mwaka uliofuata wakaiondoa marufuku yenyewe, kwa sababu walaji walivuka mpaka kuifuata na forodha ikakosa mapato. Mwaka 1983 Rais Siad Barre aliikataza Somalia nzima, na kijeshi. Serikali yake ilipoanguka mwaka 1991, biashara ilirudi mchana kweupe, ndege zikawa zinaruka kutoka Nairobi zikiwa zimejaa mirungi ya Meru. Novemba 2006 Mahakama za Kiislamu nazo zikaikataza, maandamano yakazuka Kismayu, na kabla mwaka haujaisha mahakama zenyewe zikawa zimeondolewa. Zaidi ya miaka 100 ya makatazo, na Msomali anatafuna mirungi mingi kuliko babu yake wa Berbera.

Tunajifunza nini?

Atatokea mtu aseme kwamba basi nataka vepu iachwe iuzwe kama pipi. Hapana. Vepu ina nikotini, na nikotini ni kitu kinachomfunga mtu, hasa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua. Aliyeitia harufu ya embe hakuwa anamfikiria mzee wa miaka 60 anayetaka kuacha sigara. Uganda iliikataza katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na India mwaka 2019. Sina ugomvi na nchi hizo.

Ninachosema ni kwamba katazo lina njia yake, na sisi Waislamu tumefundishwa njia hiyo kabla ya watu wote. Pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Kwanza zilishuka aya za Suratul Baqara zikieleza kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha Suratun Nisaa ikawazuia waumini wasiikaribie swala wakiwa wamelewa. Mwisho, baada ya miaka ya malezi, ndipo Suratul Maida ikakata shauri. Siku ile watu wa Madina walimwaga pombe zao wenyewe mpaka ikatiririka njiani. Hakuna askari aliyeingia nyumbani kwa mtu. Katazo liliwakuta watu wameshaandaliwa, likapokelewa. Sayyid Muhammad aliishika aya ya mwisho akaanza nayo.

Na sisi hapa nchini tumefanya hivyo hivyo. Mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku Dar es Salaam kwa tamko la viongozi. Wanaopita kwenye kumbi za starehe usiku wanajua kama moshi ule uliisha. Kenya nayo iliikataza shisha mwaka 2017 kwa amri ya waziri, na mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikaona kwamba katazo lile halikuwa halali kwa kuwa utaratibu wa kulipitisha bungeni haukukamilishwa. Katazo lisilo na miguu haliendi mbali. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka ule ule ambao mfamasia mmoja wa China alibuni sigara ya umeme ya kisasa. Iliandikwa kwa ajili ya tumbaku inayochomwa moto. Tunachotakiwa kuidai ni sheria iliyojadiliwa na Bunge, inayomtaja muuzaji na mwagizaji, inayozuia hizi ladha za matunda, na inayomfunga yeyote anayemuuzia mtoto. Tamko la jukwaani halitoshi.

La mwisho ni huyu aliyekwisha kunaswa. Katika suala la heroini, nchi yetu ilichelewa lakini ilijifunza. Kwa miaka mingi tuliwaita mateja, tukawapiga, tukawafukuza majumbani, na maskani zao zikazidi kuongezeka Kinondoni na Temeke. Mwaka 2011 ilianzishwa tiba ya methadoni Muhimbili, kisha Mwananyamala, kisha Temeke. Heroini ni haramu na itaendelea kuwa haramu, mfanyabiashara wake anasakwa na sheria ya mwaka 2015. Lakini anayeitumia anafunguliwa mlango asubuhi, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi na kurudi kwao. Wapo waliorudi kazini, na wapo waliorudi misikitini. Katazo na rehema vinaweza kukaa katika nyumba moja.

Sasa narudi kwenye leso yetu. Kamati inakutana tena Jumapili. Kama mtoto wa miaka 15 atafukuzwa madrasa kwa sababu ya vepu, swali ni atakwenda wapi saa ile aliyokuwa anakaa na msahafu. Jibu nalijua, na wajumbe wenzangu wanalijua. Atakwenda kule kule alikoinunua. Na jina lake likishasomwa Ijumaa, hata akiiacha vepu, msikiti hataurudia, kama watu wa Berbera walivyoshindwa kumrudia Sayyid hata pale aliposema kweli.

Nitapendekeza hivi. Watoto wabaki. Wazazi wao waitwe faragha. Ustadhi apewe nafasi ya kufundisha somo hili kwa wanafunzi wote, hatua kwa hatua, bila kumnyooshea mtu kidole. Wazee watatu waende dukani kwa yule aliyewauzia, wazungumze naye kwa wema, na akikaidi waende serikali ya mtaa. Na barua iandikwe, iende kwa mbunge wetu, ikitaka sheria.

Huenda nitashindwa kwa kura, kwani hasira ya wazee wetu ni hasira ya haki. Sayyid Muhammad naye hasira yake ilikuwa ya haki. Allah amrehemu yeye, amrehemu na Sheikh Uways, na atupe sisi busara ambayo ingewaweka wawili hao katika msikiti mmoja. Amin.